Mbeba Dawa Hasalimii

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, siku ya Jumatano, saa tisa na dakika ishirini alasiri, nilikabidhiwa mzigo ambao sikutakiwa kuutaja. Saa naikumbuka kwa sababu kondakta wa basi la kutoka Mikumi alikuwa anabishana na abiria kuhusu kuchelewa, akamwonyesha saa yake ya mkononi, nami nilikuwa nimejifunza kusoma mishale wiki ile ile. Mpaka leo, nikiingiwa na wasiwasi, kwanza natazama saa.

Aliyeshuka kwenye basi ni mama mdogo Zaina, mdogo wake mama yangu. Bibi alimvuta nyuma ya mashine ya kusaga. Akachukua kichupa cheupe cha plastiki kutoka kwenye kikapu cha mama mdogo, akakifukia katika ndoo yetu ndogo ya unga mpaka vidonge vikaacha kulia kachakacha, kisha akanitwika ile ndoo.

"Tatu, nisikilize. Humo mna dawa ya mama yako mdogo. Mbeba dawa hasalimii mtu njiani, wala hageuki nyuma. Ukisalimia, dawa inakufa."

Mwiko huo niliujua. Bibi alipotoka kuchimba mizizi milimani alipita katikati ya watu kama hawaoni, na hakuna aliyemlaumu. Dawa iliyokufa njiani hainywewi. Ilirudishwa ardhini penye njia panda, bila chombo, na mtu akaanza upya.

Nisichokijua ni kwa nini mama mdogo hakubeba dawa yake mwenyewe. Sasa najua. Kwetu Ulaya, jina la kijiji chetu, si ile ya Wazungu, mtu akirudi safari hupekuliwa kikapu kwa upendo. "Zawadi zetu ziko wapi?" na mikono imeshaingia. Siku hiyo kikapu kilikuwa na mikate miwili tu, na majirani waliipata yote miwili. Mama mdogo alikuwa amepima Mikumi, amekutwa na virusi vya UKIMWI, na hicho kilikuwa kichupa chake cha kwanza. Zahanati ya kijiji nayo ilikuwa imeanza kutoa dawa hizo kila Jumanne, lakini kwenye dirisha la pili, linalotazama barabara. Kila apitaye aliona nani amesimama wapi.

Nikaondoka peke yangu. Mzee Kibwana, fundi baiskeli, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusubiri salamu yangu.

"We Tatu! Leo ulimi umeuuza gulioni?"

Wenzake wakacheka. Nilibana meno, nikapita. Kwa mtoto wa kwetu, kumpita mzee bila shikamoo ni kama kupita uchi. Masikio yalikuwa ya moto. Nikavuka kijito, nikavuka shamba la mpunga, na pale kwenye kona ya shule akatokea Mwalimu Mkude, mwalimu wetu wa hesabu. Alisimama tu, akaunganisha mikono nyuma, akanitazama.

"Shikamoo mwalimu," mdomo ukasema wenyewe.

"Marahaba. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

Nilikuwa nimefungua kinywa mara mbili, basi. Kama ya kwanza ilikuwa imeijeruhi dawa, ya pili ilikuwa imeimaliza.

Sikumwambia mtu. Asubuhi ya Alhamisi mama mdogo aliamka akishika ukuta. Kizunguzungu. Ijumaa alisimulia ndoto za ajabu, za watu wanaopanda juu ya paa. Jumamosi alitapika uji. Leo naelewa kwamba dawa za wakati ule zilisumbua wengi mwanzoni, na mwili ulizizoea baada ya siku chache. Lakini wakati ule nilikuwa na maelezo yangu kamili: anakunywa maiti ya dawa, na aliyeiua ni mimi.

Jumatatu mchana, Bibi na mama mdogo wakiwa shambani, nikafanya alichofanya Bibi kwa mizizi. Nilikwenda njia panda ya kisimani, nikachimba kwa kijiti, nikamimina vidonge vyote, nikafukia na kukanyaga mara saba. Chupa sikuifukia. Mwiko ulisema bila chombo, na zaidi ya hapo, kichupa kile kilikuwa na kifuniko kizuri cha kusokota, nisingeweza kukitupa. Nikatia humo vifuniko vyangu vya soda.

Jioni mama mdogo alikikuta kwenye mfuko wangu wa shule. Alikitikisa. Mlio haukuwa ule.

"Tatu, vilivyokuwemo viko wapi?"

Nikasema yote, kwa kilio, kuanzia Mwalimu Mkude mpaka kijiti. Nilingoja kuchapwa. Mama mdogo alikaa chini pale pale kwenye majivu ya jiko. Mvua ya wikendi ilikuwa imekata barabara, basi la Mikumi halikuwa limepita tangu Jumapili, na hakuna aliyejua lingepita lini. Dawa ya karibu ilikuwa ya zahanati tu.

"Kesho Jumanne," Bibi akasema.

"Siendi dirisha la pili, mama. Bora nife."

"Utakufa kweli, halafu watajua vilevile. Msibani hawaulizani umekufa kwa nini?"

Bibi akanigeukia, na kwa mara ya kwanza nikamwona ana aibu.

"Mjukuu wangu, hukuua kitu. Ule ni mwiko wa mizizi. Vidonge vya hospitali havijui salamu. Wanaojua salamu ni majirani, ndiyo nikakufunga mdomo."

Nimesoma chuo kikuu tangu hapo, na kazi yangu sasa ni kuzungukia kambi za wakata miwa kule Ruaha. Nabeba vipimo vya kujipima mwenyewe, kondomu, na dawa za kukinga maambukizi kwa wale walio katika hatari. Wakubwa wangu hupenda kuuliza umbali wa mtu hadi kituo. Naandika kilomita, kwa sababu fomu inataka kilomita, huku moyo ukipinga. Zahanati yetu ilikuwa mwendo wa robo saa. Mama mdogo alipanda basi kwenda Mikumi ili kuikwepa hiyo robo saa. Nikimkabidhi binti dawa yake huwa namuuliza kwanza nyumbani atapita njia ipi na atakutana na nani, na bado usiku nawaza kama nilisahau swali moja. Vidonge nilivyofukia mimi havikuota. Mama mdogo yupo, mzima, na anapika wali wa biashara kwa sauti kubwa. Lakini hilo sikulijua Jumatatu ile, na mwili wangu haujalijua vizuri hata leo.

Kesho yake, saa mbili kasoro dakika tano, tulikwenda watatu. Mama mdogo alijitanda khanga mpaka kwenye nyusi. Mimi nilibeba kichupa kitupu mkononi, wazi, kwa kuwa Bibi alisema wataulizia namba iliyoandikwa juu yake.

"Shikamoo babu!" nikampigia Mzee Kibwana kabla hajafungua kinywa.

"Marahaba! Kumbe ulimi umerudishwa. Mnakwenda wapi na baridi hii?"

Mama mdogo akasimama. Kisha akasema, taratibu lakini kwa sauti iliyotosha, "Kufuata dawa, mzee."

"Mungu aitie nguvu," akajibu Mzee Kibwana, akainamia gurudumu lake.

Penye dirisha la pili walikuwepo watu wanne. Wa mbele alikuwa anamaliza. Alipogeuka kuja upande wetu, mkono wake ulikuwa umebana mfuko wa suruali, na kila hatua mfuko ulilia kachakacha. Alikuwa Mwalimu Mkude. Alituona. Akasimama kama alivyosimama kwenye kona ya shule, ila safari hii hakunitazama mimi. Alitazama ardhi.

Shikamoo ilikuwa imeshafika ulimini. Mama mdogo akanigusa bega.

"Mwache," akasema. "Amebeba dawa."

Nikafunga mdomo, nikaingia kwenye majani yenye umande, nikampisha njia.