Pikapu Iliyoshtuka Mlimani

Waliniambia sitamaliza mwaka. Nilikuwa nimerudi kutoka Afrika Kusini na stashahada ya umeme wa magari niliyoisomea jioni, mchana nikifagia gereji ya watu, na mafundi wa Chang'ombe, hii yetu ya bara, walisema karatasi haijawahi kufungua nati. Nilifungua gereji yangu katikati yao, bila mjomba serikalini. Mwaka ukapita. Magari yaliyowashinda yakawa yanavutwa kwangu, na sioni aibu kulisema.

Halafu ikaja pikapu ya mama mmoja, mkulima wa zabibu kule nje ya Msalato. Ya zamani, ya kabureta, haina kompyuta ya kuulizwa. Alisema injini inamisi: inavuta vizuri, ghafla inakata, inashtuka, kisha inaendelea kana kwamba hakuna kitu. Mara mbili ilimzimikia njiani, na mnunuzi wake alishamwambia akichelewesha mzigo tena, nafasi yake anapewa mwingine. Zabibu zilibakiza wiki moja zivunwe.

"Wewe ndiye mwenye diploma?"

"Shikamoo mama. Ndiye mimi."

"Marahaba. Basi isomee hiyo."

Niliizungusha hadi Miyuji na kurudi. Haikushtuka hata mara moja. Nikabadilisha plagi, nikamkabidhi. Kesho yake akarudi: imemisi.

Sikutaka kumnunulisha kifaa nisicho na uhakika nacho, kwa hiyo nikafanya tunavyofanya wote pale, nikaazima vifaa vizima vya kujaribia. Koili, inayokuza umeme wa plagi, kwa jirani yangu, kabureta kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, distributa, inayougawa umeme huo, kwa muuza vyuma chakavu. Kila nilichofunga, pikapu ilitulia mikononi mwangu na kushtuka mikononi mwake. Kufikia siku ya nne nilikuwa na uchovu ambao usingizi hauutoi. Jirani alipita akasema, "Msomi, bado uko kwenye mtihani?"

Siku ya tano mama aliileta inang'aa, maji bado yanadondoka. Nikamuuliza kwa nini anaiosha kila anapokuja, na maji kwao ni ya kununua.

"Mwanangu, nikuletee gari limejaa samadi? Nashusha mzigo kwanza, naosha, ndipo nakuja. Fundi naye ni mtu."

"Kwa hiyo inapomisi huwa imebeba mzigo?"

"Sasa nani anapanda kile kilima cha kwetu na gari tupu?"

Nilikaa juu ya tairi. Siku tano nilikuwa napima pikapu tupu kwenye lami tambarare. Darasani tulifundishwa kuanza na mwenye gari, umuulize tatizo linatokea wakati gani. Mimi nilikimbilia injini.

Tulikwenda kwake, tukapakia samadi hadi juu, tukasimama katikati ya kilima. Nikafungua boneti, nikamwambia ashike breki, aweke gia ya kwanza, aachie klachi kidogo kidogo. Raba zinazobeba injini zilikuwa zimechoka. Injini ikajiinua upande mmoja, na waya mwembamba wa kutoka kwenye koili kwenda kwenye distributa ukavutika hadi ukanyooka. Umeme ukakatika, injini ikashtuka. Nilipouchana waya ule, shaba ilikuwa imekatika ndani, ganda la nje zima kabisa. Nikaweka waya mpya na raba mbili. Wengine wangemuuzia injini.

Jumamosi alivuna, akapanda kilima mara tatu, mzigo ukamfikia mnunuzi wote.

Jumatatu nilizunguka kurudisha nilivyoazima, kila kimoja nimekiosha kwa petroli kikawa safi kuliko nilivyokichukua. Distributa, kabureta, na mwisho koili ya jirani.

"Kwa hiyo ilikuwa koili?"

"Hapana."

"Kabureta?"

"Waya."

Aliigeuzageuza koili mkononi. "Siku tano, msomi."

"Wewe ungemaliza mwezi."

Akacheka, akanisukumia kigoda. Nilikaa. Chang'ombe nzima hapakuwa na mtu aliyenidai hata skrubu, na sikuwa na nguvu ya kuinuka kwenda kufungua gereji.