Mashine ya Rubisi ya Projest Byabato

Krii, krii, krii. Ilikuwa sauti ya jeki ya lori ikikamua ndizi mbivu, na kijiji kizima cha Kiruruma kiliisikia kabla umande haujakauka.

Aliyeizungusha ni Projest Byabato, mwanafunzi wa uhandisi wa kilimo katika chuo kikuu kimoja Ulaya, aliyekuja likizo mwaka 1956 na soksi ndefu, na dharau ndefu kuliko soksi. Miaka mitatu ya kusoma mashine za kuvunia ngano ilimtosha kuamua kwamba baba yake, aliyetengeneza rubisi, pombe yetu ya ndizi, tangu ujana wake, hajui ndizi.

Jumapili ya juma hilo alitakiwa kupeleka rubisi Ihembe, kwa Mzee Novatus, kumposa binti yake Kemilembe. Kwetu baba wa binti hafungui mdomo kabla ya kibuyu cha rubisi kufunguliwa. Na Novatus alishasema wazi: Jumapili ikipita bure, Jumatatu atawapokea watu wa Bugomora, ambao nao wanamtaka binti huyohuyo.

Baba yake, Mzee Byabato, aliivisha mikungu kumi na miwili shimoni kwa siku tano. Ijumaa wanaume wakaja kukanyaga, miguu imeoshwa, kila mmoja na mzigo wa nyasi. Projest akawazuia mlangoni mwa shamba.

“Shikamoo, baba mdogo,” alimwambia Pastory, kama mtu afukuzaye inzi. “Leo miguu yenu ipumzike.”

“Marahaba. Na nyasi?”

“Wapeni ng'ombe. Mmeona wapi kinywaji cha watu kikichanganywa na malisho?”

“Hapa,” alisema Pastory. “Tangu tuzaliwe.”

“Ndiyo maana hamsogei mbele.”

Akazijaza ndizi kwenye sanduku lake la mbao, akazungusha jeki. Halikutoka tone la maji ya ndizi. Ulitoka uji mzito wa manjano, ukipenya kila ufa, ukateremka taratibu mpaka kwenye zile soksi. Pastory alichovya kidole, akalamba.

“Tamu. Hii ni ya kunywa, bwana injinia, au ya kumlisha mtoto asiye na meno?”

Wanaume wakacheka mpaka wakakaa chini. Mtu mwenye akili angeomba nyasi wakati huohuo. Msomi wetu alimimina ndoo nne za maji, akakoroga, na kwa mkono wake mwenyewe akaharibu kilichokuwa bado kinaokoleka. Mzee Byabato alikuja na nyasi zake, akatazama, akazitua chini. Mikungu mingine ingehitaji siku tano kuiva.

Jumapili baba alikataa kwenda kumsemea. “Mashine ni yako. Kaseme mwenyewe.”

Akaenda, amenyooka kama fimbo mpya, akaketi mbele ya wazee wa Ihembe mikono mitupu. Nyuma ya ukuta wa matete Kemilembe alikuwa anasikiliza.

“Bila kibuyu hakuna kikao,” alisema Novatus. “Kesho watu wa Bugomora wanakuja, na nitawasikiliza. Lakini niambie, kijana. Nyasi zina kazi gani kwenye rubisi?”

“Wameniambia jana. Ndizo zinazotenga maji na nyama ya ndizi.”

“Jana. Na ulizaliwa Kiruruma. Baba yako yupo, baba zako wadogo wapo. Nini kilikushinda kuwauliza mapema?”

Projest aliinamisha kichwa. Alijibu kwa sauti ndogo, waliokaa karibu naye tu ndio waliosikia.

“Niliona aibu kuuliza.”