Mkonge wa Hermelinda

Mkonge ukishakatwa moyo na kufunguliwa tundu, haumsubiri mtu. Asubuhi uukwangue, jioni uukwangue, mvua inyeshe, mtoto augue, hauna habari. Ukiuruka, kidonda kinajifunga, au maji yanachacha humo humo na mmea unaoza. Eutimio aliifanya kazi hiyo tangu hajaota ndevu, kwenye nyanda kavu za Hidalgo, Meksiko. Anafyonza maji matamu kwa kibuyu kirefu, anayamimina kwenye pipa, punda anayabeba hadi kilabuni yakawe pulke, pombe ya mkonge. Hakuwahi kulala nje ya kijiji.

Mkewe Hermelinda alikuwa akimtania kwenye foleni ya mashine ya kusaga.

"Mimi mke mdogo," aliwaambia wenzake. "Bi mkubwa ana miiba."

Wanawake walicheka. Yeye pia alicheka, lakini si sana.

Mkonge mmoja aliupanda mwenyewe, nyuma ya ukuta wa jiko. Alichukua chipukizi, akaliacha juani mpaka likasinyaa, maana likipandwa bichi linaoza, kisha akalishindilia udongo kwa visigino. Alilipalilia. Alikata ncha za miiba zisije zikamtoboa mtoto jicho. Binti yao Obdulia akakua, akaolewa mjini Pachuca, mkonge ukaendelea kunenepa polepole. Ulipopita kimo cha mlango, Hermelinda alisema:

"Huu hukati."

"Utapotea bure, mama Obdulia. Ukishatoa mlingoti wa maua, maji hakuna."

"Maisha yangu yote nakuona unaing'oa mioyo kabla haijachanua. Wa kwetu hata mmoja sijaliona ua lake. Huu uache. Ukichanua ukafa, na sisi tufunge mlango twende kwa mtoto."

"Haya."

"Haya ya nini? Sema vizuri."

"Sikati. Nimekuahidi."

Kikohozi kilimchukua Hermelinda mwisho wa mvua. Wakati huo moyo wa mkonge wake ulikuwa umeanza kuwa mwembamba, dalili kwamba mlingoti uko njiani.

Walimchorea msalaba wa chokaa sakafuni, pale alipolazwa, wakaanza siku tisa za rozari. Siku hizo mfiwa hashiki chuma. Kazi yake wanaifanya wengine. Ya Eutimio aliibeba Crescencio, kompadre wake, ndiye aliyemsimamia Obdulia ubatizoni. Eutimio alikaa kando ya chokaa. Akiwekewa maharage alikula. Asipowekewa hakuuliza.

Siku ya mwisho msalaba ulizolewa ukapelekwa kaburini. Waliporudi, Obdulia alimshika mkono.

"Baba, unakuja na mimi."

"Nakuja. Ile miwili iliyo wazi inakaribia kufa. Ikiisha, na ule wa mama yako ukichanua, nakuja."

Hapo akaingia Crescencio, kofia mkononi, uso umemng'aa.

"Kompadre, usiwe na wasiwasi. Ule wa nyuma ya jiko ulikuwa unatoroka! Ningezubaa kidogo, mlingoti ungekuwa nje. Jana nimeukata. Moyo mweupe kama jibini. Huo utakupa maji mpaka uuombe basi."

Obdulia aliziba mdomo kwa shali.

Eutimio alitazama mikono ya rafiki yake. Viganja vilikuwa vimechubuka kwa kukwangua mikonge ya watu wawili.

"Vipi, nimeharibu?"

"Hapana. Umefanya vizuri, kompadre. Ahsante."

Alikwenda nyuma ya jiko. Tundu lilikuwa limefunikwa kwa jani, na jiwe juu yake. Kazi safi. Yeye mwenyewe asingekata vizuri zaidi. Obdulia alimfuata.

"Mama alisema usikatwe!"

"Umeshakatwa."

"Basi uache, baba. Twende."

"Unapumzika miezi kadhaa, halafu maji yanajaa. Asipokuwepo wa kuyachukua, unaoza mzima mzima. Mama yako kaupanda kwa miguu yake."

"Si umpe baba wa ubatizo akwangue yeye?"

"Atauliza kwa nini naukimbia mkonge mzuri hivi. Nitamjibu nini?"

"Mwambie ukweli."

"Kachubuka viganja kwa kazi yangu siku zote za matanga, Obdulia. Mwambie wewe."

Obdulia hakumwambia. Alipanda basi peke yake.

Joto lilipoanza, Eutimio alilifungua tundu. Maji ya kwanza, machungu, aliyamwaga. Baada ya hapo yalijaa asubuhi na jioni, mengi kuliko ya mkonge wowote aliowahi kuugusa. Ile miwili ya zamani ilikufa. Huu haukufa. Kila Obdulia alipopiga simu dukani, mwenye duka alimwita Eutimio, naye alijibu jambo lile lile: "Bado unatoa." Siku hizi Obdulia anauliza tu kama amekula.

Crescencio alipita jioni moja, akaonja kwenye kata, akafumba macho.

"Asali tupu! Si nilikuambia? Marehemu angefurahi."

Eutimio aliendelea kukwangua.

"Halafu, kompadre, ule mkonge wako mwingine, wa kwenye mteremko, nao moyo umeanza kuwa mwembamba. Nikukatie?"

Eutimio alifunika tundu kwa jani, akaweka jiwe.

"Acha," alisema. "Nitakata mwenyewe."