Ubeti wa Pili

Walimwita Masikio, na jina lenyewe halikuwa la utani. Kwa miaka ishirini na sita alirekodi muziki katika vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa, na wanamuziki waliapa kwamba angesikia uzi mmoja wa gita uliolegea hata watu kumi wakipiga kwa pamoja. Mashine yake ilikuwa ya kanda, yenye njia kumi na sita: ngoma njia hii, besi njia ile, kila mwimbaji na yake, ili ukirekebisha sauti moja usiiguse nyingine. Kwa kuwa ilinguruma kama jokofu bovu, aliifungia stoo na kuiendesha kwa rimoti kubwa ya waya. Akiwa kitini, kwa kitufe kimoja kanda ilirudi hadi mwanzo wa ubeti autakao. Kwa kingine alichagua njia ya kurekodia. Namba za vitufe zilishafutika, lakini vidole vyake vilizijua.

Kisha usikivu ukaanza kumpungua. Mkewe ndiye aliyegundua kwanza.

"Mume wangu, nenda hospitali."

"Eti?"

"Hiyo hiyo 'eti' yako ndiyo ugonjwa wenyewe."

Akacheka, akaenda kwa siri. Daktari akamwambia hakuna dawa, labda avae kifaa. Fundi wa sauti na kifaa sikioni! Nani angemletea kazi tena? Akafunga mdomo, akajifunza kuzitazama sauti badala ya kuzisikia, kwa kufuata mishale midogo iliyopanda na kushuka mezani pake. Mwaka wa kwanza ukapita salama.

Mwaka wa pili akaja Mwalimu. Huyu alifundisha shule ya msingi maisha yake yote, na aliimba vizuri kuliko wengi waliolipwa kuimba. Kooni alikuwa na uvimbe, na upasuaji ulikuwa umepangwa wiki ile ile. Akaimba wimbo mmoja wa beti tatu, alioutunga mwenyewe kwa ajili ya wanawe. Alipomaliza akasema, "Sasa wanikate tu." Masikio akaiweka sauti ile njia ya saba.

Miezi miwili baadaye Mwalimu alirudi na kaka yake, aliyetaka kuongeza sauti ya chini ya kumwitikia. Shingoni Mwalimu alikuwa na kitambaa, mkononi daftari. Sauti ilikuwa imekwenda, na haikuwa ya kurudi.

Kaka akaingia chumba cha kuimbia, akavaa spika za masikioni. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Masikio akasimamisha kanda wasikilize, akaridhika, akasogea hadi alama ya ubeti wa pili, akachagua njia ya nane, akabonyeza kurekodi. Ndivyo alivyodhani. Kidole kilikuwa kimeteleza hadi saba.

Mshale ukacheza, naye akautazama kwa utulivu. Nyuma yake Mwalimu alisikia sauti yake ikikatika na ya kaka yake ikikaa mahali pake. Akagonga meza. Masikio hakusikia. Akagonga tena kwa ngumi. Alipomfikia na kumshika bega, ubeti ulikuwa umekwisha.

Akairudisha kanda, akaongeza sauti hadi mwisho, akainamia spika. Kaka peke yake, akimwitikia mtu asiyekuwepo. Nakala hakuwa ameitoa. Siku zile za karibuni alikuwa akiahirisha kila kilichomlazimu kusikiliza kwa makini.

Kaka alitoka. "Nilidhani umeipunguza sauti yake makusudi! Si ulikuwa unasikiliza?"

Angeweza kuisingizia mashine. Ilikuwa kuukuu, wangemwamini. Ila Mwalimu alishamsogezea daftari: *Nimegonga mara mbili.*

"Sisikii, Mwalimu," akasema. "Mwaka wa pili sasa."

"Na kazi yetu ukaipokea?" kaka akafoka.

Mwalimu aliandika kwa muda mrefu, akasoma alichoandika, akaichana karatasi na kuitia mkobani. Kisha akaandika maneno mawili tu: *Twende nyumbani.*

Waliosema mficha maradhi kilio humuumbua hawakukosea. Tatizo ni kwamba kilio kile kilikuwa cha mwingine. Masikio alimweleza mkewe mchana ule ule. Mkewe hakumsuta, na hilo likamuuma zaidi. Juma lililofuata aliwapigia wanamuziki wake mmoja mmoja akawaambia watafute fundi mwingine. Wawili walimsihi abaki. Waliobaki walishukuru upesi mno.

Ubeti wa pili aliukata, akaunganisha wa kwanza na wa tatu kwa uangalifu wote aliokuwa nao, akampelekea kaka kanda. Baada ya mwezi akampigia simu.

"Watoto wameusikia?"

"Wameusikia."

"Walisemaje?"

Kaka alijibu kitu. Masikio akaikandamiza simu sikioni.

"Samahani, rudia."

"Wanauliza," kaka akapaza sauti, "mbona mfupi?"