Mrefu wa Pili Kwetu

Harufu ya dawa ya kuchua misuli, ile kali ya kafuri, hunirudisha kwetu Gihundwe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, hata nikiwa nimesimama katikati ya duka la dawa. Nauona mguu wa kaka yangu Déo ukining'inia nje ya kitanda, na Maman akiupaka polepole, kama anayesafisha kidonda tusichokiona sisi wengine.

Déo alikuwa na miaka kumi na saba, mimi minane. Mwaka ule alirefuka mpaka nguo zikamkimbia. Papa alikiunga kitanda chake kwa benchi. Mvua zilipoanza, miguu ilikuwa imelivuka benchi nalo. Vidole vyake vilikuwa virefu na vyembamba, akishika chungwa linapotea lote. Usiku magoti yalimuuma, mchana watoto walimfuata njiani wakipiga makofi.

Papa aliwahi kucheza mpira wa kikapu, zamani yeye na Maman walipokuwa bado Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Alikuwa mfupi, mchezeshaji, na alipenda kutusimulia alivyokuwa akipita chini ya makwapa ya majitu. Jumapili, baada ya misa, alitupeleka kwenye buvette moja, baa ndogo ya Kamembe, kutazama ligi ya Kigali kwenye televisheni. Kila msimu timu zilileta warefu zaidi, wengine kutoka nchi za mbali, na wale wafupi aliowapenda Papa walizidi kukaa benchi, taulo shingoni.

"Mupira ya sasa iko ya barefu," alisema Papa kwa huzuni. Kisha akamtazama Déo, na ile huzuni ikageuka kitu kingine.

Mtu wa timu moja ya Kigali alikuja siku ya mawingu, kavaa nguo za michezo, kabeba mikate na maji ya matunda. Alikuwa mpole. Alimsimamisha Déo mlangoni, akampima kimo, akamnyoosha mikono akaipima nayo, kisha akacheka peke yake kwa furaha. Déo alikuwa kakumbatia mpira wake, akingoja aambiwe aurushe. Hakuambiwa.

"Hutamuangalia namna anacheza?" Papa aliuliza.

"Mzee, kucheza tutamufundisha. Kurefuka ndiyo hakuna mwenye anafundisha."

Papa alicheka sana. Maman hakucheka.

Jioni ile nililala kifuani kwa Déo, kama kawaida yangu. Nikasikia kitu nilichokiona cha ajabu na kizuri, nikamwita Maman, aliyekuwa akichambua sambaza, wale dagaa wa ziwani, za kupeleka ng'ambo sokoni.

"Maman, kuja usikie! Mutima ya Déo inalia sawa maji ku mutaro!"

Mikono yake ilisimama ndani ya beseni. Hakuja kusikiliza. Alisema tu, "Déo, usiende Kigali."

"Maman, uko unaogopa nini?"

"Kaka yangu alikuwa murefu sawa wewe. Alianguka ku soko ya Bukavu, angali kijana. Alikuwa ametoka kula kwa bantu. Bakamupa sumu, juu ya wivu."

Déo aliinama, akainama tena, mpaka akamfikia kichwani akambusu. "Basi sitakula kwa bantu, Maman."

Ndivyo walivyokubaliana. Gari lilipokuja kumchukua, Maman alimfungia unga, maharage na mfuko mzima wa sambaza kavu, akamwapisha mbele ya Papa kwamba atajipikia mwenyewe. Na Déo, najua, alijipikia.

Alipoanza kuonekana kwenye televisheni, buvette ilijaa. Alikuwa bado hajui mengi, lakini akiinua mkono tu, wapinzani wanapotea. Papa alipiga meza mpaka chupa zikaruka. Maman alikaa nje, kaupa ukuta mgongo, na kila kelele zilipopanda aliniita.

"Amesimama?"

"Amesimama, Maman."

"Angalia muzuri."

"Amesimama!"

Hakuanguka mbele ya macho yetu. Alianguka mazoezini, mchana mweupe, hakuna aliyemgusa. Simu ilimkuta Papa njiani. Aliingia nyumbani na viatu vya matope, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, nasi tukajua kabla hajafungua mdomo.

Baada ya maziko, daktari alituita hospitalini sote. Nilipimwa, kwa wakati ule hawakuona kitu. Kisha akatueleza taratibu: kuna ugonjwa wa damu ya ukoo, hurefusha mifupa na kulegeza mshipa mkubwa utokao moyoni. Siku moja mshipa unapasuka.

Maman alimsikiliza mpaka mwisho. "Basi hakuna mwenye alimupa sumu?"

"Hakuna, Maman."

"Na kaka yangu?"

"Pengine ni ugonjwa ule ule. Inatembea ndani ya famille yako, Maman."

Papa alitaka kumshika mkono. Maman aliuvuta, akatoka nje, akalia kilio ambacho hata kaburini hakukilia. Mimi nilishangaa. Nilidhani angepumua, maana sasa hapakuwa na mchawi wala adui, na ng'ambo angeweza kula sahani ya mtu yeyote bila hofu.

Leo nina mtoto wangu wa kiume. Juzi mwalimu wake alinisimamisha njiani kunisifia kimo chake, na hapo ndipo nilipoelewa kilio kile. Sumu ina mwenyewe, na mwenyewe unaweza kumchukia maisha yako yote ukapata usingizi. Siku ile daktari alimnyang'anya Maman adui wake, akamwachia damu yake mwenyewe.