Askari alimuambia mama aonje sombe

Leo mama amekula siku ya kufunga kwake.

Tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, tukakuja Mbarara kumuona kaka yangu gerezani, mama amemubebea sombe, mboga ya majani ya muhogo. Kila siku ya kumutembelea, mama anafungaga na kuomba, ili Mungu amutoe mule.

Kwenye mulango askari akasimamisha mama: "Onja kwanza. Mwenye alileta chakula lazima aonje, tujue hakina sumu."

Nikamusihi: "Afande, mimi nitaonja. Yeye amefunga."

Akakataa. Bila mama kuonja, sombe haingeingia.

Wapendwa, mungefanya nini?

Mama akafumba macho, akatafuna polepole, machozi yanashuka.

Ndani, kaka akaona mafuta ya mawese kwenye midomo ya mama. Akaelewa.

Akamusukumia sahani: "Kula, mama. Leo acha mimi nifunge."

Mama akakula yote.