Shauri la Watazamaji Walionihama

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka nacheka kwa aibu. Ni siku nilipomshtaki Masunga mahakamani Bariadi kwa kuniibia watazamaji.

Ngoja kwanza, usicheke. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kumiminika kwetu, na mmoja wao akatoa dume la ng'ombe liwe zawadi ya mashindano ya ngoma baada ya mavuno. Mimi nilikuwa manju, kiongozi wa ngoma mwenye jina pale Mwamapalala. Masunga, niliyechunga naye ng'ombe tangu utotoni, alikuwa manju wa upande wa pili. Kwetu mshindi ni yule aliyejaza watu. Ilipofika alasiri, watu wangu wote walikuwa wamehamia kwake. Hata mama yangu mzazi alikuwa kule, anapiga vigelegele.

Hilo ndilo lililonitia wazimu. Nikasema hakuna mama anayemwacha mwanawe hivihivi, lazima Masunga ametumia dawa ya kuvuta watu. Nikafungua madai: anipe lile dume, na ng'ombe watatu wa fidia juu yake. Ningeshinda, rafiki yangu angebaki na jina la mchawi, na kwetu jina hilo limeua watu. Nilijua, na bado nikasaini. Shahidi wangu mkuu nikamwandika mama.

Hakimu akamuuliza, "Mama, ni kitu gani kilikuvuta?"

"Sikuvutwa, mheshimiwa. Nilikwenda kwa miguu yangu. Masunga aliimba habari za wajane wanaolima peke yao, na mimi ni mjane. Huyu mwanangu aliimba jina lake tangu asubuhi. Nikachoka."

Chumba kizima kikaangua kicheko, karani naye humo humo. Shauri likatupwa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tulirudi juu ya lori la pamba, mimi nimenuna. Mama akamenya kiazi kitamu, akanipa kipande kikubwa.

"Ng'wanone," akasema, yaani mwanangu kwa Kisukuma, "mwakani imba vizuri. Nitarudi upande wako."

Sijapata kumheshimu hakimu yeyote kama ninavyomheshimu yule mama. Uongo mdogo tu ungenipa ushindi, na Masunga angepotea. Kesho yake nilikwenda kumwomba Masunga radhi, naye akanivutia kigoda.

Basi nakuasa, mwanangu. Mahakama ipo kwa aliyedhulumiwa; usiipelekee wivu wako ukauita haki. Kabla hujasaini hati ya madai, mtafute mtu anayekupenda na asiyekuogopa, umweleze yote, na akikukatalia, umsikilize. Mungu akujalie umpate mtu huyo mapema kuliko mimi. Na siku utakapoimba, mama yako awe upande wako, amekuja kwa miguu yake.